Mtoto Asiyetaka Kusimamishwa

Mimi ni mtu wa Bukoba, na mtu wa Bukoba aliyesoma hangoji kuulizwa amesoma wapi. Atakwambia mwenyewe kabla hujamkaribisha kiti. Mimi niliwaambia watu wa Kigoma ndani ya juma la kwanza. Nilimwambia mhasibu wa hospitali, nikamwambia mpishi, nikamwambia mwenye nyumba wangu kule Bangwe, mzee wa Kimanyema aliyenisikiliza mpaka mwisho kisha akaniuliza kama najua kutengeneza redio.

Sikujua kutengeneza redio. Nilikuwa daktari wa miaka miwili kazini, nimepangiwa wodi ya watoto wachanga, na mfukoni nilikuwa na cheti. Kabla ya kuhamishwa nilikuwa nimepelekwa kwenye mafunzo ya siku nne kuhusu kulea vichanga kwa njia ya kangaruu: mtoto anafungwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, wima, kichwa juu, na mama ndiye anayekuwa mashine ya joto. Ni njia nzuri. Imeokoa watoto wengi waliozaliwa kabla ya siku zao, na sina ugomvi nayo hata kidogo. Ugomvi wangu ni na yule kijana aliyeshuka nayo Kigoma akaifanya dini. Mtoto njiti, kangaruu. Mtoto wa kilo tatu na nusu mwenye mafua, kangaruu. Mtoto analia sana, mfunge kifuani wima. Nilibandika picha ukutani, na kila asubuhi saa mbili nilipoingia kwenye raundi nilitaka kuona akina mama wote wameketi wima kitandani, vitenge vimefungwa kwa namna moja, vichwa vidogo vimechungulia chini ya videvu vyao. Walikuwa kama gwaride. Nilipita katikati yao mikono nyuma na nilijisikia raha ambayo leo naionea haya.

Ulikuwa mwaka ule Warundi walipovuka tena. Walikuja kwa mitumbwi na kwa miguu, wakaletwa na meli bandarini, wakakaa kwenye uwanja wa mpira, kisha mabasi yakawapeleka kambini. Waliokuwa wagonjwa kuliko uwezo wa zahanati ya kambi waliletwa kwetu. Wodi yangu ilikuwa na vitanda sita na akina mama kumi na moja. Madirisha yalitazama ziwa, na upepo ukivuma kutoka Kibirizi ulituletea harufu ya dagaa walioanikwa, hata ukitoka pale jioni shati lako linanukia mchuzi.

Nesi mkuu wa wodi alikuwa mama wa Kiha, mzaliwa wa Kasulu, mwenye umri wa mama yangu mzazi. Aliifahamu ile wodi tangu ilipokuwa ghala. Kiha chake na Kirundi cha wakimbizi vilisikilizana bila taabu, kwa hiyo yeye ndiye aliyekuwa mdomo na sikio langu. Mtu mwenye adabu angemwamkia shikamoo kila asubuhi. Mimi nilikuwa nimeamua kwamba daktari akimwamkia nesi shikamoo mbele ya wagonjwa ataharibu utaratibu wa kazi. Nikawa nasema, "Habari za kazi." Alikuwa akinitazama kidogo, kama mtu aliyemwona kuku juu ya meza ya chakula, kisha anajibu, "Nzuri, dokta," na kuendelea na shughuli zake.

Siku moja gari la kambi lilituletea mama kijana wa Kirundi na mtoto wa kiume wa siku tano. Mtoto alizaliwa na uzito mzuri, ananyonya, hana homa, ila midomo na ulimi vilikuwa na rangi ya zambarau iliyoiva. Nikamfunga kile kipimo cha oksijeni mguuni akiwa amebebwa begani, kitaa chekundu kikawaka, mashine ikasoma sitini na tisa. Mtoto mzima husoma tisini na tano kwenda juu. Nikampa oksijeni kwa mpira wa puani, nikangoja, ikasoma sabini na moja. Nikampiga picha ya kifua, nikaona kivuli chini ya pafu la kulia, nikafurahi. Kivuli nilikijua. Nikaandika nimonia, kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake.

Yule mama alikuwa akiongea na nesi kwa sauti ya chini, huku mkono wake umelala juu ya tumbo la mtoto.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anasema mtoto akishikwa wima anageuka rangi. Akimlaza, rangi inarudi. Anasema ameona hivyo tangu siku ya pili, alipokuwa amemshika begani kwenye foleni ya kuandikishwa."

"Mwambie nimonia haina habari kama mtoto amelala au amesimama. Mtoto mwenye shida ya kupumua anainuliwa kichwa juu, mapafu yapate nafasi. Hiyo ni kanuni, duniani kote. Mwambie amfunge kifuani wima, asimlaze."

"Nimwambie yote?"

"Yote."

Nesi akamwambia maneno matatu kwa Kiha. Mama akasema, "Ego," ambayo ni ndiyo. Nikabaki nikijiuliza hotuba yangu yote ilitosheaje katika maneno matatu, lakini nilikuwa na watoto wengine kumi wa kuwaona.

Kesho yake niliingia wodini ghafla saa nne, wakati sikutazamiwa, nikamkuta yule mtoto amelazwa chali mapajani pa mama yake. Nilimkaripia yule mama. Nilimkaripia kwa Kiswahili, ambacho alikijua nusu, na kwa vidole, ambavyo alivijua kabisa. Nikamwambia nesi atafsiri kwamba hii ni hospitali, ina masharti, na asiyefuata masharti nitamwandikia ruhusa arudi kambini na mtoto wake.

Sentensi hiyo nesi aliitafsiri yote, polepole. Nimewahi kumuuliza baadaye kwa nini hiyo hakuikata. Akasema, "Hiyo ilikuwa lazima aijue, ajue anaishi na nani."

Mama akainuka, akamfunga mtoto kifuani wima. Miye nikaona nimefanya kazi.

Tangu siku hiyo wodi yangu ilitii, na mtoto hakupona. Nilimpa sindano za nimonia siku saba, nikabadilisha nikampa kali zaidi. Kila asubuhi saa mbili nilikuta mama ameketi wima, kitenge kimefungwa kama kwenye picha ya ukutani, na mashine inasoma sitini na nane, sabini, sitini na sita. Lakini daftari la nesi lilikuwa na habari nyingine. Saa nne asubuhi, themanini na tano. Saa sita, themanini na nne. Saa tisa alasiri, themanini na sita. Halafu kesho yake saa mbili, mbele yangu, sitini na saba.

"Mama, namba hizi unazitoa wapi?" nikamuuliza nesi mbele ya kila mtu.

"Kwenye mashine, dokta."

"Mashine ipi? Mbona nikija mimi haisomi hivyo?"

"Labda inakuogopa."

Akina mama waliojua Kiswahili wakacheka, na waliokuwa hawajui wakatafsiriwa, wakacheka kwa zamu yao. Nikamwambia nesi, kwa sauti ambayo mtu hatakiwi kuitumia kwa mtu aliyemzidi miaka thelathini, kwamba sitaki namba za kupika katika wodi yangu. Akafunga daftari. Siku nzima hakusema nami ila la kazi.

Pembeni mwa namba zake kulikuwa na herufi moja moja. Niliziona. Nilidhani ni ufupisho wa majina ya wauguzi wa zamu.

Hapo ndipo nilipoanza kutambua kikohozi. Nakuomba msomaji unielewe: nilikuwa najivunia jicho langu la kidaktari. Niligundua kwamba nesi mkuu, kila ninapokanyaga baraza la wodi, anakohoa. Mara mbili, kavu, kutoka kifuani. Nikiondoka hakohoi. Nikirudi kuchukua kalamu niliyoisahau, anakohoa tena. Mtu mwenye akili za kawaida angefikiri jambo moja. Mimi niliyesoma nikafikiri kifua kikuu. Kikohozi cha kudumu, mtumishi wa wodi ya vichanga, umri umekwenda, anaishi Ujiji kwenye nyumba zilizosongamana. Kila kitu kilikaa mahali pake. Nikamwita pembeni kwa huruma kubwa, nikamwandikia kipimo cha makohozi.

Akaipokea ile karatasi, akaisoma, akanitazama usoni kwa muda. "Ahsante, dokta," akasema. "Nitakwenda." Na alikwenda. Alikwenda maabara, akapanga foleni pamoja na wagonjwa, akatema kwenye kikopo, akaleta majibu. Hakuna vijidudu. Nikayatazama majibu nikasema turudie. Akarudia.

Leo nikilikumbuka hilo nacheka peke yangu barabarani mpaka watu wananipisha. Nesi mkuu alikuwa mzima kuliko mimi. Alikohoa ili yule mama wa Kirundi amwinue mtoto, amfunge kifuani, daktari aingie akute gwaride. Wodi nzima ilijua, pamoja na mfagiaji. Daktari aliyesoma peke yake ndiye aliyekuwa akitibu kengele.

Siku ya kumi na mbili niliamua kulimaliza. Nilijiambia kuna uzembe: mtoto anashushwa nikitoka, ndiyo maana haponi. Nikachukua kiti, nikakaa kando ya kitanda cha yule mama saa mbili kamili, nikatangaza kwamba siondoki kwa saa nzima, nione kangaruu inavyofanya kazi ikisimamiwa.

Nesi akakohoa pale pale mbele yangu. Nadhani safari hiyo alikuwa akinionya mimi.

Dakika kumi za kwanza mashine ilisoma sitini na nane. Nikasema atazoea. Baada ya robo saa ilikuwa sitini na mbili. Mtoto alikuwa amefungwa vizuri, shingo imenyooka, hakuna kilichomziba pua, nikampandishia oksijeni. Hamsini na nane. Mama yake hakunitazama mimi wala mashine. Alikuwa akitazama midomo ya mtoto, na machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, huku mikono amejizuia kuinyanyua kwa sababu mimi nilikuwa pale na karatasi yangu ya ruhusa. Hamsini na mbili. Mtoto akaacha kukunja ngumi. Vidole vikafunguka, vikalegea.

"Mwinue kidogo zaidi," nikasema.

Hapo nesi mkuu alikuja. Hakuniomba ruhusa. Alinisukuma na kiti changu kwa nyonga yake, akafungua fundo la kitenge, akamtoa mtoto kifuani, akamlaza chali kitandani, bapa kabisa, bila hata mto. Mtoto akavuta pumzi. Hamsini na tano. Sitini na tatu. Sabini na moja. Ngumi zikajikunja. Themanini. Themanini na nne. Mdomo wa mtoto ulipata rangi mbele ya macho yangu, na mtoto akaanza kulia kwa hasira, akiwa na haki kabisa.

Unafikiri nilikubali? Nilisema mashine mbovu. Nikaivua mguuni mwa mtoto nikajivisha kidoleni. Tisini na nane. Nikaipangusa, nikabadilisha betri, nikaivaa tena. Tisini na nane. Nikamrudishia mtoto mguuni. Themanini na tano. Nikasema, "Ngoja tumwinue tena, tuhakikishe."

Mama akamfunika mtoto kwa mwili wake wote. "Oya," akasema. Hapana. Ilikuwa mara ya kwanza kunikatalia.

Nesi aliniuliza kwa upole, na upole ule ndio ulionichoma, "Utamsimamisha mara ngapi ili uamini, mwanangu?"

Nikatoka nje. Nilikaa kwenye ngazi za baraza nikitazama ziwa na sikuliona. Nilikuwa na hofu, lakini zaidi nilikuwa na aibu, na aibu ile ilikuwa ya namna ya kitoto: nilitaka mtu aje aniambie haikuwa kosa langu. Hakuna aliyekuja. Baada ya muda nikampigia simu mwalimu wangu wa zamani, mama mmoja bingwa wa moyo wa watoto Dar es Salaam.

Nilimweleza. Nikamtumia picha ya kifua kwa simu. Akaitazama.

"Hicho kivuli umekitibu nimonia siku ngapi?"

"Kumi na mbili."

"Kimebadilika?"

"Hapana."

"Homa?"

"Hajawahi kuwa nayo."

"Oksijeni inasomaje akiwa amelala, na inasomaje akiwa wima?"

Nilikuwa nafungua mdomo kusema sijapima. Nesi mkuu alikuwa amesimama nyuma yangu, sijui tangu saa ngapi. Akaniwekea daftari magotini, akagusa zile herufi za pembeni kwa kidole. L, amelala. W, wima. Siku kumi na mbili, saa kwa saa, kwa mwandiko wa shule ya msingi ya zamani. Nikasoma. Nilisoma kurasa nne, na sauti yangu ilikuwa ikipungua kila ukurasa.

"Basi si nimonia," mwalimu akasema. "Huyo ana mshipa usio wa kawaida pafuni, huko chini. Ateri imeungana na vena moja kwa moja. Akiwa wima damu nyingi inashukia huko, inapita bila kuchukua hewa. Mlete. Na njiani asisimamishwe."

Nilirudi wodini kumweleza mama. Nilieleza vizuri mno, nikachora moyo nyuma ya fomu, nikachora mapafu, nikachora vishale. Mama alitazama vishale kwa heshima. Nesi akaninyang'anya kalamu.

"Ngoja," akasema. Kisha akamweleza kwa Kiha, na baadaye akanieleza mimi alivyosema: kila tone la damu linatakiwa kupita pafuni lipewe hewa, kama kila mtu anavyopita kwenye hema la kuandikishwa apewe kadi. Kwa mtoto huyu kuna kitundu nyuma ya hema. Damu inapenya huko, inarudi mwilini bila kadi. Akisimama, kitundu kinapitisha wengi. Dar wataingiza mpira mwembamba kwenye mshipa wa paja, utapanda hadi moyoni, utaingia pafuni, utaziba kitundu. Hawatampasua.

Mama alielewa yote. Aliuliza swali moja tu, kama mpira ule ni mwembamba kuliko utambi wa taa. Nesi akanitazama. Nikasema ndiyo, nikashukuru kwamba kuna swali nililolijua.

Asubuhi ya kesho yake nilifika mapema. Nesi mkuu alikuwa akikunja mashuka. Nikasimama mlangoni kama mtoto aliyevunja chungu.

"Shikamoo, mama."

Akakunja shuka mpaka mwisho. "Marahaba," akasema. "Na kile kikohozi changu, majibu ya mara ya pili yako mezani kwako."

Mkimbizi hatoki mkoani bila kibali, na kibali kilichukua siku tano. Siku hizo tano niliandika barua nyingi kuliko nilizoandika maishani, na kila barua nilimwomba nesi aisome, kwa kuwa nilikuwa nimeacha kujiamini hata kwenye tarehe. Mtoto alilala bapa. Mama alimnyonyesha akiwa ameinama juu yake, mgongo umepinda, na hakulalamika. Baba wa mtoto alibaki kambini na watoto wengine wawili, akatuma kwa gari la kambi kitenge kipya na mahindi ya kuchoma yaliyokwisha kupoa.

Ndani ya ndege nilikuwa mtu mwingine kabisa, na mtu huyo naye alikuwa wa kuchekwa. Mhudumu alipomwomba mama amketishe mtoto na kumfunga mkanda wa kichanga, nilisimama kwenye kiti changu nikahutubia abiria. Mtoto huyu hasimamishwi! Kuna mgonjwa anayelazwa kichwa juu, na kuna anayelazwa bapa, na ni lazima tuwasikilize wazazi! Mzee mmoja aliyekuwa anasafiri na ndoo ya mawese akatikisa kichwa kukubaliana nami. Yule mama wa Kirundi alinitazama kutoka kitini kwake, mtoto amelala mapajani. Nikaketi, nikafunga mkanda wangu mwenyewe.

Kule Dar walimwingizia maji yenye mapovu madogo kwenye mshipa wa mkono, wakatazama moyo kwa mashine. Mapovu ambayo yalitakiwa kunaswa mapafuni yalitokeza upande wa pili wa moyo. Mshipa ulikuwa pale pale mwalimu aliposema. Katika mkutano wa asubuhi, mbele ya madaktari ishirini, mmoja wao akauliza, "Hii habari ya kulala na kusimama ni nzuri sana. Nani aliigundua?"

Mwalimu wangu akanigeukia. Wote wakanigeukia.

Mama hakuwamo chumbani. Nesi alikuwa Kigoma. Nikasema, "Ni uangalizi wa wodini tu," nikainamisha macho kwa unyenyekevu. Wakapiga meza kwa vidole kunipongeza. Mtu anaweza kuiba bila kunyoosha mkono, na mimi niliiba hivyo, nimeketi.

Waliniruhusu nitazame wakiziba kitundu, nikiwa nyuma ya kioo, nimevishwa aproni ya risasi ya kukinga mionzi, ambayo niliifunga kinyume, mgongo ukiwa mbele. Kwenye skrini niliuona ule mpira, uzi mweusi unaopanda kutoka pajani, ukapita moyoni, ukageuka polepole kuelekea pafu la kulia. Wakasukuma dawa ya rangi, na lile fundo likaonekana, nene, limejiviringa, linapiga pamoja na moyo. Mwalimu alikuwa akisogeza mkono kidogo sana, kiasi ambacho ungedhani hafanyi kitu. Akaachia kizibo kidogo cha waya uliosukwa. Kikafunguka mahali pake. Rangi ikasukumwa tena, safari hii ikaenda kwenye mishipa yote midogo, ikasambaa, na lile fundo halikuonekana. Namba kwenye mashine ilikuwa themanini na tatu. Ikawa themanini na tisa. Ikawa tisini na nne.

Nilikimbia nje kumwambia mama, na aproni yangu ya kinyume. Nilikuwa nimeazimia kumwambia kwa Kirundi. Nilichoweza kutoa ni "ego, ego, ego," na kilio. Yeye ndiye aliyenipa ncha ya kitenge chake nijifute.

Miezi mitatu baadaye mama na mtoto walikuja kliniki Kigoma. Kabla yao ilikuwa imefika barua kutoka Dar, inamsifu daktari wa Kigoma kwa umakini wake. Mganga mkuu aliisoma mbele ya watumishi wote. Nesi mkuu alipiga makofi pamoja na wengine, makofi ya kawaida kabisa, na nilitamani angekohoa. Nikasimama pale pale nikasema ukweli, kwamba aliyegundua ni mama wa mtoto, aliyeandika ni nesi, na mimi nilikuwa nakaripia. Nilisema vibaya, nikigugumia, na watu wengi walidhani ni unyenyekevu tena.

Kwa hiyo mama alipoketi mbele yangu nilimwomba nesi amtafsirie kila kitu, asikate. Kwamba siku ya kwanza aliniambia na sikumsikiliza. Kwamba nilimtisha. Kwamba Dar waliuliza nani kagundua, na sikumtaja.

Mama alisikiliza huku anamtazama mtoto. Kisha akauliza kitu, kifupi.

"Anauliza," nesi akasema, "kama angekutii, kutii kwa kweli, si kwa kuigiza, leo mtoto angekuwa wapi?"

Nilitafuta namna nzuri ya kulisema. Haikuwapo. "Mwambie asingekuwapo," nikasema.

Nesi akamwambia. Mama akatikisa kichwa polepole, akikubali, kama mtu aliyetaka tu kusikia kwamba nami najua. Halafu akamnyanyua mtoto akanipa.

Nilimpokea nikamlaza bapa mikononi, chali, bila hata kufikiri. Mama akacheka. Nesi naye akacheka, akajishika meza. Mama akainuka, akamshika mtoto kwapani, akamsimamisha wima begani kwangu, akauweka mkono wangu mgongoni pake uushike vizuri. Nilibaki hivyo nimeganda, shingo nimeipinda, nikiitazama midomo yake kwa karibu, nikingoja igeuke rangi.

Haikugeuka.